Sifa ya Papa na Sifa ya Muuzaji

Mafundi wa vyombo huku kwetu Tanga wana mafuta wanayoyaita sifa. Hutolewa kwenye ini la papa, harufu yake humtangulia fundi nyumbani, na hupakwa mbao za mashua zilizo juu ya maji zisikauke zikafanya nyufa. Chini, sehemu inayokaa majini, hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa shahamu. Muuzaji wa chombo naye ana sifa zake, ila hizo hutoka kinywani. Sikuwahi kuziweka sifa hizi mbili pamoja mpaka mjomba wangu aliponunua mashua kule Sahare.

Alinunua asubuhi moja maji yamekupwa, chombo kimelala ubavu mchangani. Muuzaji alisema mengi, lakini kila mjomba alipokuwa akisimulia barazani Ngamiani yalirudi maneno yale yale manne. "Mjomba, kutoka Moa mpaka Kipumbwi hupati chombo kama hiki." "Mbao zote mvule, hamna mwembe hata ubao mmoja." "Mashine ina miaka miwili tu tangu itoke dukani." "Vua kaskazi moja tu, pesa yako yote imerudi." Wakapeana mikono, pesa zikahesabiwa, ikaandikwa karatasi ya mistari mitatu: nimeuza, nimenunua, kiasi fulani, sahihi.

Bamvua ya pili haijapita, mashua ikaanza kuingiza maji hata vijana wakawa wanafua kuliko kuvua. Fundi akaipandisha pwani, akakwangua deheni karibu na mkuku, yaani uti wa chombo, akakuta ubao umepasuka urefu wa mkono, ufa umeshindiliwa pamba na kufunikwa deheni mbichi. Mbao tatu za ubavu wa kushoto zilikuwa mwembe. Mashine nayo, fundi wa mashine aliposoma namba zake, miaka miwili ilikuwa imeiacha zamani. Muuzaji akaapa kwamba hilo la mashine hakulijua, kwamba na yeye aliuziwa kwa maneno hayo hayo. Kwa ninavyomfahamu, huenda hapo alisema kweli.

Baraza zima likahukumu kwa neno moja: "Umetapeliwa." Neno hilo linatosha kwenye kahawa. Sheria ya mikataba haitosheki nalo, itauliza: umetapeliwa kwa sentensi ipi? Maana sentensi zile nne, pamoja na ufa ambao hakuna aliyeutaja, kila moja ina mlango wake mahakamani, na milango hiyo haifunguki kwa ufunguo mmoja.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilianza kutumika 1961, lakini maneno yake ni makongwe kuliko hapo. Yamefuata karibu hatua kwa hatua Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika kwa miongo minne kabla yetu kuwa na ya kwetu. Ndiyo maana mtu akitaka kuelewa mashua ya Sahare hana budi kupitia farasi na kiwanda cha nili cha Wahindi. Tutavifikia.

Msingi wake ni ridhaa. Kifungu cha 10 kinataka mapatano yafanywe kwa ridhaa huru ndipo yawe mkataba, na kifungu cha 14 kinataja yanayoiondolea ridhaa uhuru wake: kushurutishwa, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo potofu, na kosa. Udanganyifu umeelezwa kifungu cha 17, maelezo potofu cha 18. Hayo majina ya Kiswahili yana utata wake. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, lakini utasikia watu wakisema upotoshaji, ulaghai, uwongo, hadaa, kila mmoja kwa ladha yake. Mimi nitashika mawili tu. Udanganyifu ni pale msemaji mwenyewe haamini anachokisema. Maelezo potofu ni pale anachokisema si kweli, lakini yeye anakiamini.

Tofauti hiyo iko rohoni mwa msemaji, na mtu wa kawaida atauliza inanihusu nini mimi niliyepoteza pesa. Ubao wa mwembe unaoza vile vile, awe muuzaji ni mwongo au ni mjinga. Kweli. Sheria nayo inakubali nusu ya hoja hiyo: katika hali zote mbili ridhaa yako haikuwa huru, na kifungu cha 19 kinakupa haki ya kuutengua mkataba. Nusu ya pili ndiyo inayouma, na nitakaa nayo sana hapo mbele. Kwanza tuzipunguze sentensi.

"Kutoka Moa mpaka Kipumbwi hupati chombo kama hiki." Hii ni sifa tupu. Hakuna jaji atakayeagiza vyombo vyote vya mwambao vipangwe mstari ili apime. Mahakama za Uingereza zilishasema hivyo tangu 1866, katika shauri la Dimmock na Hallett, ambapo ardhi iliyonadiwa kuwa ina rutuba na inaweza kuboreshwa ilionekana ni maneno ya dalali tu, hayamfungi mtu. Sisi tumekulia kwenye minada na magulio, hatuhitaji jaji wa London kutuambia kwamba muuza machungwa wa Muheza akisema "asali hii" haimaanishi kuna nyuki ndani.

Ila msomaji asidhani kwamba kila linaloanza na "mimi naona" ni sifa au maoni. Kuna mashauri mawili ambayo wanasheria huyasoma kama mapacha wasiofanana. La kwanza ni la mwaka 1927, Bisset na Wilkinson, lilitoka New Zealand. Mwenye ardhi alimwambia mnunuzi kwamba, kwa anavyodhani, ardhi ile ingechukua kondoo 2,000. Haikuchukua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kufuga kondoo pale kwa ukamilifu, na mnunuzi alilijua hilo, kwa hiyo wote wawili walikuwa wanabahatisha. Baraza la rufaa likasema yalikuwa maoni, na mnunuzi akashindwa. La pili ni la 1884, kuhusu hoteli iliyouzwa ikiwa na mpangaji ndani. Wauzaji walimwita mpangaji yule mtu wa kutamanika mno. Wakati huo huo kodi walikuwa wakiipata kwa vipande na kwa kusukumana. Hapo majaji walikataa hoja ya maoni: anayejua habari za ndani akitoa maoni mbele ya asiyejua, ndani ya maoni yake kuna taarifa iliyofichika, nayo ni kwamba hana sababu ya kufikiri kinyume.

Huo ndio mwavuli ambao madalali wengi hujificha chini yake bila kujua kwamba umetoboka. "Mimi kwa mtazamo wangu kiwanja hiki hakina mgogoro." Kama jana yake alikuwa ofisi ya serikali ya mtaa akiamuliwa ugomvi wa kiwanja hicho hicho, mtazamo wake ni taarifa, tena ya uwongo.

Sentensi ya kaskazi moja na pesa kurudi inahusu kesho, na kesho hakuna mwenye nayo. Bei ya samaki, upepo, ghasia ya mawimbi: muuzaji hawezi kushtakiwa kwa sababu vibua hawakuja. Utabiri ukishindwa, umeshindwa. Lakini kusema nia ambayo huna ni jambo jingine, na Sura ya 345 inalitaja waziwazi: kuahidi bila nia ya kutimiza ni udanganyifu kwa kifungu cha 17. Jaji mmoja wa Kiingereza, Bowen, alilisema kwa namna ya kuchekesha mwaka 1885 kwamba hali ya moyo wa mtu ni ukweli sawasawa na hali ya tumbo lake. Kigumu ni kuithibitisha tu.

Tanga tumepata somo la utabiri kwa ukubwa wake. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lilipowekwa Chongoleani Agosti 2017, bomba la kilomita 1,443, kila mwenye shamba la minazi upande ule aliamka akiwa mtaalamu wa uwekezaji. "Nunua sasa, mwakani bei inazidisha mara tano" ni utabiri, na aliyenunua kwa hilo amenunua ndoto yake mwenyewe. "Njia ya bomba imepita mita mia kutoka hapa, nimeiona kwenye ramani ya wapimaji" ni taarifa ya jambo lililopo. Kama hakuiona ramani yoyote, ameshaingia kifungu cha 17. Sentensi zote mbili zinaweza kutoka kwenye mdomo mmoja, chini ya mnazi mmoja, ndani ya dakika moja, na mnunuzi akirudi nyumbani hakumbuki ipi ilimshawishi.

Sasa ule ufa. Muuzaji hakusema kitu kuhusu ufa. Je, kunyamaza ni kusema uwongo?

Sheria ya India ya 1872 ilikuwa na mifano ndani yake, na mfano wa kunyamaza ni farasi. Mtu anamuuzia mwenzake farasi mnadani, anajua ana kasoro, hasemi kitu: huo si udanganyifu. Akiwa mnunuzi ni binti yake aliyetoka utotoni juzi, uhusiano wao unamlazimu aseme. Na kama mnunuzi amesema, "usipokanusha nitachukua kwamba farasi ni mzima," kisha muuzaji akakaa kimya, kimya chake kimesema. Ni kanuni ngumu kidogo kwa mtu aliyelelewa kwenye maadili ya pwani, ambako kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa ni dhambi hata asipouliza. Sheria ya Kiingereza haikujali hivyo. Kila mmoja afumbue macho yake. Kuna mikataba ya pekee, hasa ya bima, ambapo anayetaka kinga lazima aseme yote anayoyajua, na hiyo imekuwa kanuni tangu jaji wa Kiingereza Lord Mansfield alipoamua shauri la Carter na Boehm mwaka 1766. Mashua haimo humo.

Kwa hiyo kama ufa ungekuwa wazi, na muuzaji akatazama baharini akinyamaza, mjomba angekuwa amekwisha. Lakini mtu alichukua pamba akaushindilia ufa ule, akapaka deheni mbichi juu yake. Hapo hatuko tena kwenye kimya. Kifungu cha 17 kinahesabu kuwa udanganyifu kuficha jambo kwa vitendo, ukiwa unalijua au unaliamini. Mkono uliopaka deheni umesema: hapa hapana kitu. Hii ndiyo sehemu ya kesi ambayo wazee wa baraza waliidharau, wakasema "si alinyamaza tu." Kwangu mimi ndiyo iliyokuwa silaha kali kuliko zote alizokuwa nazo mjomba. Fundi mzuri anaweza kueleza deheni ina siku ngapi.

Kuna kimya cha aina nyingine kinachostahili mstari. Mwaka 1934 daktari mmoja Uingereza alikuwa anauza shughuli yake ya tiba. Januari alisema inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na ilikuwa kweli. Kisha akaugua, wagonjwa wakapukutika, na mkataba ulipotiwa sahihi Mei hakuna aliyemwambia mnunuzi. Mahakama, katika shauri la With na O'Flanagan lililoamuliwa 1936, iliona kwamba neno lililosemwa linaendelea kusema mpaka siku ya kusaini. Likigeuka njiani, aliyelisema ana wajibu wa kulirudisha. Maongezi ya kununua chombo au nyumba huchukua wiki, na mambo mengi huvunjika katikati.

Tumebaki na mbao na mashine, na hapa ndipo ile nusu ya pili inapouma.

Kifungu cha 19 baada ya kutoa haki ya kutengua kinaweka sharti. Kama ridhaa yako ililetwa na maelezo potofu, au na kile kimya cha udanganyifu, mkataba hautenguki ikiwa ulikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Soma tena sharti hilo polepole. Linataja maelezo potofu. Linataja kimya. Halitaji uwongo wa kusema. Aliyekudanganya usoni, akijua, hawezi kujitetea kwa kukuambia "ungechunguza." Aliyekosea kwa nia njema anaweza.

Mashine iko upande wa pili wa mstari huo. Muuzaji aliamini ni ya miaka miwili kwa sababu aliambiwa. Kifungu cha 18 kinamnasa sawasawa: ametamka kwa uhakika jambo ambalo taarifa alizokuwa nazo hazikumpa ruhusa ya kulitamka kwa uhakika huo. Lakini namba ilikuwa imegongwa pale pale ubavuni mwa mashine, na fundi wa mashine alikaa hatua mia mbili kutoka pwani. Aliisoma siku alipoitwa, kwa muda wa kumaliza sigara. Mjomba alikuwa na njia ya kujua. Hakuitumia kwa sababu alimwamini mtu aliyemwita mjomba. Naogopa kwamba kwa mashine angeshindwa, na nilimwambia hivyo, na hakunisemesha siku mbili.

Hapa sheria yetu imeachana na ya Uingereza, jambo ambalo wengi wanaosoma vitabu vya kule hawalioni. Mwaka 1881, katika Redgrave na Hurd, mwanasheria mmoja alimwambia mnunuzi wa shughuli yake kwamba inaingiza pauni 300 hadi 400 kwa mwaka. Karatasi zilikuwapo, mnunuzi akaruhusiwa azitazame, hakuzitazama vizuri, na zingemwonyesha kwamba si kweli. Mahakama ya rufaa ilimwachilia mnunuzi. Anayekushawishi uamini, ilisema, hana haki ya kukulaumu kwa kuamini. Ningependa kanuni hiyo ndiyo ingetuongoza huku, maana biashara yetu nyingi inakwenda kwa uaminifu wa salamu. Lakini Sura ya 345 imeandika vingine, na mahakama haiwezi kuisoma kama haipo. Kwa kiwanja chenye hati, kwa mfano, mnunuzi aliyeshindwa kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi atapata tabu sana kusema hakuwa na njia ya kujua.

Mbao ni habari nyingine. Muuzaji alikaa na chombo kile miaka, alikibadilisha mbao mwenyewe, na fundi aliyezigonga mbao tatu za mwembe alikuwa tayari kusema nani alimlipa. Huo ni uwongo wa kusema. Haijalishi kwamba mjomba ni mvuvi wa miaka thelathini ambaye angekwangua rangi kwa ukucha angeona.

Lakini, na hapa mjomba alikuwa na bahati bila kujua, angejidhuru kama angekuja na fundi wake. Uwongo usiokushawishi hauna nguvu. Mfano wa sheria ya India ni kiwanda cha nili: muuzaji anasema kinatoa maundi 500 kwa mwaka (maundi ni kipimo cha uzito cha Kihindi), mnunuzi anakagua hesabu zinazoonyesha maundi 400 tu, kisha ananunua. Hawezi kulalamika tena, kwa kuwa alinunua kwa macho yake, hakununua kwa maneno. Ndivyo ilivyo kwa fundi unayemleta ukamtegemea yeye. Jambo hili huonekana kama kinyume cha akili: mwangalifu anapoteza, mzembe anashinda. Jibu ni kwamba mwangalifu kwa kawaida hauziwi mashua ya mwembe.

Tuseme basi mjomba ana haki. Ni haki gani? Watu husema mkataba wa udanganyifu ni batili, na wanakosea, tena kosa la gharama. Mkataba batili haupo tangu mwanzo. Huu upo, unafanya kazi, unahamisha mali, mpaka aliyedanganywa aseme hautaki. Hiari ni yake peke yake. Anaweza kuutengua, chombo kirudi na pesa zirudi. Au, kwa aya ya pili ya kifungu cha 19, anaweza kuushikilia na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama maneno yale yangekuwa kweli: nipe mashua ya mvule mtupu, au tofauti ya thamani yake. Wavuvi wengi ningewashauri hii ya pili. Msimu haumsubiri mtu akae bila chombo.

Hiari hiyo inaharibika kama samaki juani. Ukishajua ukweli kisha ukaendelea kama hakuna kitu, umeukubali mkataba. Mjomba alijua kuhusu mwembe mwezi wa pili tangu anunue, na akaenda baharini na mashua ile miezi minane zaidi, akiifua maji na kumtukana muuzaji. Kila safari ilikuwa kama sahihi mpya. Muda nao peke yake unaweza kukuondoa. Mnunuzi mmoja wa picha Uingereza, aliyeambiwa ni kazi ya Constable, alisubiri miaka mitano, na mwaka 1950 mahakama ikamwambia amechelewa kuirudisha, ingawa hakukuwa na aliyemdanganya kwa makusudi. Na mali ikishafika mikononi mwa mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema, huipati. Ndiyo maana kusema mapema ni muhimu kuliko kusema kwa ukali. Katika shauri la Caldwell la miaka ya 1960, mwenye gari aina ya Jaguar alilipwa kwa hundi ya uwongo na mnunuzi akatoweka. Hakuwa na wa kumwambia "nautengua," akaenda polisi na kwa chama cha wenye magari. Ikatosha, kwa sababu alifanya alichoweza kabla gari halijauzwa kwa mwingine. Kwa mjomba ingetosha barua moja kwa muuzaji, na nakala yake kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kufungua shauri la mkataba una miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na pale udanganyifu ulipofichwa saa inaanza siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Miaka sita isikudanganye. Hiyo ni ya kwenda mahakamani, si ya kukaa na chombo huku ukiwaza kukirudisha.

Mtu akisema "udanganyifu" mahakamani ajue amechukua mzigo mkubwa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Ratilal Patel na Lalji Makanji ya 1957, ilisema madai ya udanganyifu katika kesi ya madai yanataka uthibitisho mzito kuliko mizani ya kawaida, ingawa si ule wa kesi ya jinai. Na kujipatia mali kwa uwongo ni kosa la jinai pia, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba. Ila polisi hawarudishi mbao. Nimeona watu wakikimbilia kituoni Chumbageni kwa jambo ambalo lilikuwa maelezo potofu ya mtu mwenye nia njema, na likafia huko huko, haki ya madai ikiwa imeoza pembeni.

Uwongo wenyewe, kwa njia, una mipaka yake ya kale. Mwaka 1889 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliamua kesi ya wakurugenzi wa kampuni ya tramu ya Plymouth waliotangaza kwamba wana haki ya kutumia mvuke. Walihitaji kibali, waliamini watakipata, wakakataliwa. Wenye hisa wakapoteza. Majaji wake wakasema hakuna udanganyifu pasipo kujua, au kutoamini, au kutojali kama ni kweli au si kweli. Uzembe mtupu hautoshi. Ilichukua mpaka 1963 ndipo mahakama ya kule kukubali kwamba mzembe wa maneno naye anaweza kulipa, na mpaka 1967 bunge lao kuandika sheria maalumu. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, tuna kifungu cha 18 na 19, na kwa mtu aliyekosea kwa nia njema dawa yetu kubwa ni kurudishiana.

Mjomba hakwenda mahakamani. Wazee wawili wa Sahare walikaa nao baada ya swala ya alasiri, na muuzaji akakubali kununua mbao tatu za mvule na kumlipa fundi. Kuhusu mashine hakulipa kitu. Niliona hukumu ile haikuachana sana na Sura ya 345, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuifungua.

Mwaka juzi mjomba alinunua chombo kingine, kidogo, kutoka kwa mtu wa Pangani. Safari hii aliniita mimi niandike. Nikaketi na kalamu, muuzaji akawa anasema, nami naandika kila linalohusu chombo: mbao za nini, mashine ya mwaka gani, namba zake, leseni. Yote akayakubali. Njia nzima alikuwa akisema kwamba chombo hakijawahi kuvuja hata tone, nikaandika na hilo, nikamsomea.

Akaitazama karatasi kidogo. "Hilo la kuvuja," akasema, "liache tu, mwanangu. Andika mbao na mashine."

Mjomba akaenda kutafuta fundi.